Namba za presha zikigoma kulingana, gawanya kwanza

Boda imeandikwa 2.25 kwenye kibandiko chake, aliyejaza upepo kaweka 2.25 kwenye mashine, na tairi limelala. Pampu ya maji imeandikwa 40, lakini geji iliyofungwa juu yake, koki zote zikiwa zimefungwa, inasoma 3.9. Simu ya mtu aliyepanda Lushoto asubuhi inaonyesha 856, ilhali utabiri wa hali ya hewa unasema 1013. Katika matatu haya kosa ni moja tu, la tairi. Pampu iko sawa, na simu iko sawa. Shida ni kwamba mtu akikutana na namba zisizolingana huanza kufungua vitu. Atabadilisha geji, atakaza skrubu, atainua tangi, kabla hajauliza kila namba imeandikwa kwa kipimo gani.

Kikokotoo cha simu hakikosei kuzidisha. Kinachokosewa ni kusoma kipimo, na kila kosa la kusoma huacha unyayo wake. Chukua namba kubwa kati ya mbili zinazogombana, igawanye kwa ndogo, kisha tazama jibu liko karibu na nini (bar, psi, kg/cm², kPa, MPa, hPa na mmHg zote ni vipimo vya presha):

- 14.5: bar imechanganywa na psi
- 14.2: kg/cm² imechanganywa na psi
- 10: bar na MPa, au nukta ya desimali imehama
- 10.2: mita za maji na bar
- 100: bar na kPa, au MPa na mita za maji (hapa ni 102)
- 6.9: psi na kPa
- 7.5: kPa na milimita za zebaki (mmHg)
- 1.33: mmHg na hPa
- 13.6: milimita za maji na milimita za zebaki
- 25.4: inchi na milimita
- 210: umezidisha kwa 14.5 palipotakiwa kugawanya. Ukipata 47.5, umefanya hivyohivyo kati ya psi na kPa.

Usiridhike na kipimo kimoja. Chukua viwili, kimoja presha ikiwa chini na kingine ikiwa juu. Uwiano ukibaki uleule mara zote mbili, umechanganya vipimo. Uwiano ukibadilika lakini tofauti ikabaki ileile, karibu bar 1 au psi 14.7, hilo ni jambo jingine kabisa, nalo tutalifikia.

Tairi laini au gumu kupita kiasi

Pikipiki nyingi za kutoka India huandika upepo kwa kg/cm², pengine na psi pembeni kwa maandishi madogo. 2.25 ya hapo ni psi 32. Mashine ya kujazia ikiwa kwenye psi, ukiiambia 2.25 itaona tairi limeshapita hapo na kuanza kulitoa upepo. Ndiyo maana tairi linalala badala ya kujaa. Mashine za kisasa zina kitufe cha kubadili kipimo, na mteja aliyetangulia anaweza kuwa kakiacha popote. Basi kabla ya kuandika namba, tazama herufi zilizo kando ya namba.

bar na kg/cm² zinatofautiana kwa asilimia 2 tu (kg/cm² 1 ni bar 0.981). Kwenye tairi, zichukue kama ndugu, kwa kuwa hakuna geji ya kijiweni itakayoiona tofauti hiyo. Kwenye mtungi wa wapiga mbizi wa bar 200 tofauti ni 4 nzima, kwa hiyo huko usizichanganye. Na 14.7 ni ya atm, yaani presha ya hewa usawa wa bahari, wala haihusiki na kubadili bar kuwa psi. Wengi hukariri 14.7 wakidhani ni ya bar, wakapata psi 33.8 badala ya 33.4 kwa bar 2.3. Kwenye tairi haiumizi. Kwenye karatasi ya mtihani inaumiza.

Kuna kosa linalofanana na hili ambalo si la vipimo. Baiskeli, na Tanga baiskeli ni nyingi, huandikwa ubavuni mwa tairi kitu kama "40–65 PSI", maana yake bar 2.8 hadi 4.5. Hapo umepewa kiwango cha chini na cha juu cha tairi lenyewe. Lakini ubavu wa tairi la gari mara nyingi huandikwa namba moja yenye neno MAX, nayo ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, si upepo unaotakiwa. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mwenye gari akikuambia "tairi imeandikwa 44 na kibandiko kinasema 230", gawanya: jibu ni 5.2. Halimo kwenye orodha. Hiyo ndiyo dalili kwamba namba hizo hazisemi kitu kimoja, maana 230 kPa ni psi 33.4.

Kompresa haifiki, au valvu ya usalama inapiga mluzi

Unyayo wa hapa ni 10. Kompresa nyingi za kutoka China huwa na geji ya MPa, mshale ukitembea kutoka 0 hadi 1.6. MPa 0.8 ni bar 8, ni psi 116. Sasa fikiria fundi rangi aliyeambiwa bunduki yake inataka "bar 3". Anatazama geji, anaona 0.3, anaona imepungua sana, anazungusha regyuleta akiitafuta 3. Geji haina 3. Kama swichi ya kompresa nayo imechezewa, presha itapanda mpaka valvu ya usalama ilie. Hiyo 0.3 ndiyo bar 3 aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo. Valvu ikilia usiizibe wala usiikaze, kwa sababu katika mkasa mzima ni yeye peke yake anayejua kipimo sahihi.

Upande wa pili wa kosa hilohilo unawakuta watu wa malori. Tairi la nyuma linatakiwa psi 120, kompresa imejaza mpaka ikajizima yenyewe, na geji ya mkono inasoma 115. Mtu atatafuta panapovuja mpaka jioni. Badili kwanza: psi 120 ni MPa 0.83. Kompresa inayojizima kwenye 0.8 haitalifikisha tairi hilo psi 120 hata ukiiacha usiku kucha. Hakuna kilichoharibika. Unahitaji kompresa inayokwenda mpaka MPa 1.0 au zaidi.

Nukta pia hudanganya. Mashine za Ulaya bara huandika desimali kwa koma, hivyo "2,5 bar" ni mbili na nusu. Ukiinakili kwenye simu bila koma ikawa 25, utalaumu kila kitu isipokuwa kidole chako.

Tofauti haibadiliki: bar moja imepotea

Geji ya tairi ikiwa mkononi, haijafungwa popote, inasoma 0. Lakini hewa iliyotuzunguka Tanga, usawa wa bahari, inatukandamiza kwa karibu bar 1.013. Geji ya kawaida huanza kuhesabu kutoka hapo. Hii huitwa presha ya geji. Vihisi vya presha vya ndani ya simu, vya injini za magari ya kisasa na vya mitambo mingi huanza kuhesabu kutoka kwenye utupu. Hii ni presha kamili. Waandika vibati huzitofautisha kwa herufi ndogo mwishoni: psig na psia, barg na bara (g ni geji, a ni kamili). Ukiona herufi hiyo moja, usiipite.

Jaribio lake ni la sekunde kumi. Chomoa kifaa, kiache kwenye hewa wazi. Kikisoma 0 kinapima presha ya geji. Kikisoma 1.01, au 101, au 14.7, kinapima presha kamili. Kikisoma kitu kingine, kama 0.4, kina kasoro; usikiamini kabla ya kukijaribu.

Fundi friji anakutana nalo kila siku. Kwenye geji yake ya bluu, chini ya sifuri kuna alama za inchi za zebaki mpaka 30. Hizo hupima utupu kwa kurudi nyuma: inchi 29.9 chini ya sifuri ni utupu kamili, wala si presha ya 29.9. Anayezibadili kwa 3.386 kupata kPa atapata 101 na kudhani mfumo una presha ya hewa ya kawaida, kumbe hauna kitu ndani. Na kwa kuvuta utupu geji hiyo haifai kwa kazi ya mwisho. Mikroni 500, ambazo mafundi wengi huzitaka kabla ya kujaza gesi, ni mmHg 0.5, yaani Pa 67 tu. Kwenye geji ya mshale hiyo na mikroni 5,000 hutazitofautisha.

Maji: asubuhi yapo, mchana hayapo

Presha ya maji ndiyo inayosumbua nyumba nyingi, kwa sababu pampu huuzwa kwa mita, swichi kwa bar, geji kwa psi, na hita ya kuogea kwa MPa. Shika hili moja: mita 10 za maji ni bar 0.98, ni psi 14.2. Pampu iliyoandikwa H max 40 m (kimo cha juu kabisa inachoweza kupandisha maji), koki zikiwa zimefungwa, itasoma bar 3.9. Ile ya mwanzo wa makala, basi, ni nzima.

Chukua nyumba ya Mikanjuni yenye simtanki juu ya stendi ya mita 4. Tangi likijaa, maji yana kimo cha mita 1.5. Bomba la mvua la bafuni liko mita 2 kutoka chini. Kinachosukuma maji ni tofauti ya urefu: 4 + 1.5 − 2, yaani mita 3.5. Hiyo ni bar 0.34, au kPa 34. Hita ikiwa imeandikwa inahitaji angalau MPa 0.03, mtu husoma "0.03", akaona ni kitu kidogo mno, akaifunga. Lakini MPa 0.03 ni kPa 30, ni mita 3.06 za maji. Asubuhi tangi limejaa, kPa 34, hita inawaka. Mchana tangi limebaki nusu, tofauti ya urefu ni mita 2.75, kPa 27, hita inakataa. Waja leo waondoka leo. Hapo fundi umeme ataitwa mara tatu na hataona kitu, maana kila akija tangi limejazwa. Na hesabu hii ni ya maji yaliyosimama. Maji yakianza kutembea kwenye bomba la nusu inchi lenye viwiko vitano, presha inapungua zaidi. Inua stendi mita 2 au weka pampu ndogo ya kuongeza presha. Usiguse hita.

Kwenye pampu yenye tangi la presha (lile la chuma lenye mpira ndani) kuna mtego mwingine. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa psi 20 kuwasha na psi 40 kuzima, yaani bar 1.4 na 2.8. Upepo wa ndani ya tangi hupimwa pampu ikiwa imezimwa na koki imefunguliwa mpaka maji yote yatoke, nao uwe psi 2 chini ya ile ya kuwasha: psi 18, au bar 1.24.

Mtu akisikia "kumi na nane" akaweka bar 1.8, tangi lina psi 26. Dalili yake ni hii: maji yanatoka vizuri, yanakatika ghafla kwa sekunde moja au mbili, pampu inawaka, yanarudi. Tangi limeisha maji kwenye psi 26, na swichi bado inasubiri 20.

Mwingine ataweka 1.24 lakini kwa psi, yaani tangi ni kama halina upepo. Hapo pampu inawaka na kuzima mara kwa mara. Hesabu inaonyesha kwa nini, na ni lazima uifanye kwa presha kamili, ukiongeza 14.7 kwenye kila namba. Kwa tangi la lita 24, maji unayopata kati ya kuzima na kuwasha ni 24 × 32.7 × (1/34.7 − 1/54.7), karibu lita 8.3. Upepo ukiwa psi 1.24, zile 32.7 zinakuwa 15.9 na lita zinabaki 4. Pampu itawaka mara mbili zaidi ya inavyopaswa, na mota yake itakufa mapema. Na ukifanya hesabu hii kwa namba za geji bila kuongeza 14.7, utapata lita 10.8, kisha utapima kwa ndoo na kudhani mpira wa ndani umetoboka. Kabla ya kununua mpira mpya, rudia hesabu.

Geji ya tairi kwenye regyuleta ya gesi: mshale hautikisiki

Regyuleta ya jiko la nyumbani hutoa karibu milibaa 30. Kibati chake kinaweza kuandika 30 mbar, au 2.8 kPa, au 280 mm za maji, au inchi 11 za maji, na zote ziko mtaa mmoja. Kwa psi ni 0.4 na kitu. Geji ya tairi inayoanzia psi 5 haitaona chochote, na kutoona huko hakumaanishi regyuleta imekufa. Kipimo chake ni mpira mwembamba unaoonyesha, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji nusu: upande mmoja kwenye mdomo wa gesi, mwingine hewani, dirisha wazi na hakuna moto karibu. Tofauti ya kimo cha maji pande mbili iwe karibu sentimita 30. Viungo vipime kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Hatari iko kwenye kuchanganya mbar na bar. Regyuleta za majiko makubwa ya mama lishe huweza kwenda mpaka bar 2. Hiyo ni milibaa 2,000, mara 67 ya ile ya nyumbani. Ukiifunga kwenye jiko la mezani, moto utaruka kutoka kwenye bana na mpira hautadumu. Hili ndilo kosa pekee katika makala hii linaloweza kuchoma nyumba.

Lushoto

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya huko ina presha ya karibu hPa 856, na simu yenye kihisi inaonyesha hivyohivyo. Utabiri wa hali ya hewa hutoa namba iliyokwisha kushushwa hadi usawa wa bahari ili miji ilinganishwe, ndiyo maana unasema 1013. Gawanya uone: 1.18. Haimo kwenye orodha, kwa hiyo hakuna kipimo kilichochanganywa.

Tairi lililojazwa Tanga mjini bar 2.0 nalo hubadilika. Kwa sababu hewa ya nje imepungua kwa bar 0.16, geji inapaswa kuongezeka kiasi hicho, karibu psi 2.3. Lakini huko juu ni baridi. Nyuzi 10 zikishuka, zinarudisha chini karibu bar 0.1. Kinachobaki ni kidogo mno kukutoa kwenye gari. Pima upya tairi likiwa limepoa, maana kupanda kona za Mombo kunalipasha moto na namba itadanganya.

Namba ziko sawa, mwili unakataa

Hospitalini presha ya damu 120/80 ni mmHg; kwa kPa ni 16 na 10.7. Kifaa kikikuandikia 16/10, tafuta kitufe cha kipimo kabla ya kumshtua mgonjwa. Mtungi wa oksijeni uliojaa, psi 2,000, ni bar 138 au kPa 13,800. Sifuri mbili kati ya bar na kPa ndizo zinazowatia watu hofu kwamba mtungi utalipuka.

Kila hesabu ni sahihi na bado hazilingani

Sasa ndipo geji ilaumiwe. Tazama chini ya mshale kama kuna namba kama 1.6 au 2.5; hilo ni daraja la usahihi, asilimia ya kipimo kizima cha geji. Geji ya 0–16 bar ya daraja 2.5 inaruhusiwa kukosea bar 0.4 popote. Kuitumia kupima tangi la stendi lenye bar 0.34 ni kazi bure. Nunua ya 0–1.

Kuijaribu geji ndogo hakuhitaji maabara. Chukua mpira wa maji unaoonyesha, ufunge geji chini, jaza maji mpaka mapovu yote yatoke, kisha upandishe ncha ya juu dirisha la ghorofa na upime kwa futi kamba kutoka katikati ya geji hadi usawa wa maji. Kila mita ni bar 0.098. Kwa mita 5, geji isome bar 0.49, au psi 7.1. Ukitumia maji ya bahari ya Raskazone utapata 0.50, na geji yako haitaijua tofauti. Ikisoma 0.6 kwenye mita 5 na 0.1 mpira ukiwa umelazwa chini sawa na geji, mshale umeteleza kwa 0.1 kila mahali, na skrubu ndogo iliyo usoni au mgongoni mwa geji inaurudisha. Ikisoma 0 ukilaza na 0.6 ukisimamisha, mtambo wa ndani umechoka, na hauna skrubu.